Mlango Katikati ya Bustani

Mchoraji wa bustani za manispaa alikuwa na desturi yake: kwanza nyasi, njia baadaye. Kiwanja kikishasafishwa, alipanda ukoka kila mahali, akawaacha watu wapite watakapo, kisha akaja na kamba kupima pale nyayo zilipoua nyasi. Hapo ndipo alipotandaza matofali. Wenzake ofisini walimtania kwamba anafanyiwa kazi na wapita njia. Alitia pamba masikioni.

Kiwanja cha nyuma ya kituo cha mabasi kilimuuma kuliko vyote. Miongoni mwa nyumba zilizobomolewa hapo ili mtaa upate pa kupumzikia, mojawapo ilikuwa ya shangazi yake. Shangazi aliahidiwa nyumba nyingine, na mpaka leo alikuwa akilala kwenye korido kwa binti yake, akirukwa miguu na kila aendaye msalani. Mchoraji alijiapiza kwamba shangazi atapata mahali pake katika bustani ile, liwalo na liwe.

Nyayo zilipojitokeza, hazikukata moja kwa moja kuelekea kituoni. Watu waliochelewa basi walikimbia hadi katikati, wakapinda kulia, wakapita ubavuni mwa kitu kisichoonekana, ndipo wakanyoosha. Mchoraji alipeleka mkono hapo akagusa ukuta. Ulikuwa na ubaridi wa chokaa, na ile mikwaruzo ya msumari aliyoichora utotoni kwenye ukuta wa shangazi, ikampa kichapo. Akaizunguka nyumba nzima kwa kupapasa, akipima. Upande wa kituoni alikuta mlango, umefungwa. Ndani ya kuta ukoka ulikuwa mrefu, haujakanyagwa na mtu.

Mkurugenzi wa mipango miji alitaka bwawa la maji ya kuruka papo hapo katikati. Mchoraji alimweleza kwamba pana nyumba. Mkurugenzi akaenda, akaugonga ukuta kwa vidole, akakubali kwamba upo.

"Lakini kwenye ramani haupo," alisema. "Na sisi tunajenga kwa ramani."

Mafundi wakatumwa na sururu. Jioni walirudi na sururu zilizopinda, wakaomba nyingine. Mchoraji naye kila asubuhi aliweka mchoro uleule juu ya meza ileile, akasimama hapo bila kuketi, mpaka mkurugenzi akachoka kumtazama. Bwawa likahamishiwa kando. Matofali yakafuata kuta.

Siku ya ufunguzi wakubwa walimvika mchoraji kilemba cha ukoka, wakakata utepe, wakaondoka. Ndipo shangazi alipofika. Alifungua fundo la pindo la nguo yake, akatoa ufunguo, akafungua mlango usioonekana, akavua viatu na kuingia. Aliketi kwenye nyasi pale kilipokuwa kiti chake. Majirani wa zamani waliopita walipiga hodi, wakangoja wakaribishwe. Mchoraji aliwatazama kutoka kwenye benchi, na furaha yake ilikuwa na uchungu ndani yake.

Jua lilipozama mlinzi alipuliza filimbi. Mchoraji alikuwa amekwisha kumuuliza mkurugenzi kama shangazi anaweza kulala humo. Alijibiwa kwamba bustani ni ya umma, na katika bustani ya umma halali mtu.

Shangazi alivaa viatu, akatoka, akafunga mlango, akausukuma kuhakikisha. Mlinzi akamwomba kwa adabu amwachie ufunguo, kwa kuwa funguo zote za bustani hukaa kibandani kwake.

"Huu si wa bustani, mwanangu," shangazi alimwambia. "Huu ni wa nyumbani."

Akaufunga tena kwenye pindo. Mchoraji alimshika mkono, akamwambia kwamba kesho asubuhi atarudi kwa mkurugenzi, na keshokutwa, na mtondo.

"Nenda," shangazi alisema. "Mimi nipo."

Wakafuata njia ya matofali, wakapinda kwenye kona ya jiko, wakatoka getini. Basi lilikuwa limejaa. Shangazi alisimama njia nzima, na alipofika kwa binti yake alitandika mkeka wake kwenye korido, akakunja miguu ili watu wapite.