Bendi ya Zimamoto Itangulie

Mgeni alifika Jumapili mchana bila taarifa, akamkuta Winifred Tuttle amepiga magoti bustanini, anang'oa magugu.

"Samahani mama, wewe ndiye binti wa marehemu Ansel Tuttle?"

"Ndimi. Kama unauza Biblia, ninazo tatu."

Mgeni alicheka. Alijitambulisha kuwa ni Feldstrom, kiongozi wa okestra kutoka Boston. Alikuwa amesikia kwamba Tuttle aliacha muziki mkubwa ambao haujawahi kupigwa.

Ilikuwa kweli. Ujanani, kazi za Ansel zilipigwa kwenye kumbi kubwa, kisha zikasahaulika. Akarudi kwao Vermont, akafundisha watoto piano na kupuliza tarumbeta katika bendi ya zimamoto, ya wanakijiji wanaojitolea kuzima moto, mpaka alipokufa, majira ya baridi yaliyopita.

Feldstrom alisoma kurasa za muziki huo sebuleni. "Mama, nchi nzima itausikia redioni. Ila okestra yangu lazima iwe ya kwanza, la sivyo wafadhili hawatakubali."

Hakuna alichokitaka Winifred kama baba yake kukumbukwa. Lakini mzee alikuwa amemshika mkono kitandani kabla ya kufa, akamwomba: bendi ya zimamoto itangulie, ipige mpaka mwisho. Naye akaitikia.

"Nilimwahidi bendi yetu ya zimamoto itatangulia."

"Wale wanaoacha wimbo katikati king'ora kikilia?"

"Hao hao. Ndio waliobeba jeneza lake."

Feldstrom alizirudisha kurasa taratibu, akaondoka.

Elwood Pratt, muuza nyama na kiongozi wa bendi, aliposikia alishika kichwa. "Winnie, umerogwa? Sisi hata kuanza pamoja hatuwezi! Mpigie simu yule bwana. Baba'ko angetusamehe."

"Nyie angewasamehe. Mimi je? Anza mazoezi, Elwood."

Sikukuu ya uhuru, mwezi Julai, walipiga uwanjani mbele ya kanisa. Walianza vibaya, wakakaa sawa, na watu waliokuja na vyakula vyao wakaacha kutafuna. Mara king'ora kikalia. Nusu ya bendi ikaweka matarumbeta kwenye nyasi, ikakimbilia gari la zimamoto.

Ghala la nyasi kavu lilikuwa likiungua. Mvua ikaanza kunyesha, watu wakakunja viti, wakaenda zao. Winifred alibaki, kurasa amezificha ndani ya koti.

Wanaume wa bendi walirudi jioni wakinuka moshi. Elwood alitazama uwanja mtupu.

"Tuanzie tulipoachia?"

"Mwanzo," alisema Winifred, akamfungulia mwavuli.

Wakapiga mpaka mwisho.