Ngoma Aliyoiacha Wazi Hippolyte

Waliosema hasira hasara hawakumjua Hippolyte. Mimi hasira yangu niliifuga miaka kumi na miwili kama mbuzi wa sikukuu, nikailisha vizuri, na sikukuu yenyewe ilipofika Kasongo nilikuwa nimekwisha kunoa kisu.

Jina langu Benita. Mama yangu, Mama Anastasie, ndiye mwalimu wa ngoma ya mpunga, ile ambayo wanawake wa upande wetu huicheza mavuno yanapoingia ghalani. Amefundisha watu wa Kasongo na Kabambare tangu sijazaliwa, bila shule wala cheti, kwenye kiwanja chetu cha mchanga nyuma ya jiko. Sasa miguu yake imevimba. Anakaa kwenye kiti na kufundisha kwa fimbo na matusi, na matusi yake ni mengi kuliko fimbo.

Hippolyte alikuja kwetu na suruali moja. Miaka minne alikula wali wetu, akalala chumba cha mbele, akafundishwa. Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, sifichi. Kisha asubuhi moja akapanda pikipiki ya watu waendao kwenye dhahabu, akaenda zake Salamabila bila hata kusema kwaheri. Huko akaunda kundi lake, likawa linacheza kwenye mabaa mbele ya wafanyabiashara wa dhahabu. Hilo peke yake ningelimeza, kila mtu hutafuta riziki. Lakini kwetu mchezaji, kabla hajainua mguu, hugusa udongo na kutaja jina la aliyemfundisha. Ndiyo ada. Hippolyte aliulizwa redioni nani alimfundisha, akajibu kwamba ngoma ile alipewa usingizini na babu yake marehemu.

Tulikuwa tunachambua mchele, mimi na Mama, redio katikati yetu. Mimi nilisimama na ungo ukamwagika. Mama hakuacha hata kuchagua mawe.

“Huyo alitokaka mbele ya kufunga,” akasema.

Maana yake, aliondoka kabla hajafundishwa kufunga. Ngoma ya mpunga lazima ifungwe. Mpiga ngoma hupiga mapigo matatu ya polepole, kisha hunyamaza, na mchezaji huujaza ule ukimya kwa miguu yake peke yake. Mavunoni huifunga wanawake wazima tu, ndani ya ghala, sisi wengine tukingoja mbali. Ikiachwa wazi, watu husema mpunga utaoza ghalani, na hakuna ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka apatikane wa kuifunga. Hatua hiyo mwalimu huitoa mwisho kabisa, akiona mwanafunzi ameiva. Hippolyte aliondoka hajaiva. Mimi nilipewa nilipotimiza miaka ishirini na miwili. Baadaye niliitwa Kindu nikafundishe, lakini Mama akasema miguu yangu bado, ningoje kidogo. Nikangoja. Nywele zangu zimeanza mvi, ningali nangoja.

Basi mwaka huu kamati ya wafanyabiashara wa mji wetu ikatangaza siku ya kuwaheshimu walimu wa ngoma. Mwalimu mmoja angepewa diplome, yaani cheti cha heshima, na pamoja nayo haki ya kuchagua mtoto mmoja apelekwe Bukavu, kwenye kituo cha ngoma, miaka miwili, chakula na kitanda. Na waheshimiwa wa kamati wakamchagua nani? Maître, yaani Mwalimu, Hippolyte wa Salamabila. Mama yangu walimletea karatasi ya kumwalika akae na wageni apige makofi.

Ningeweza kucheka, kama si Sarah-Grâce. Mtoto huyu anatoka Lusangi, kila Jumamosi anakuja kwa miguu mpaka kiwanjani kwetu. Mama alikuwa hajawahi kumsifu mtu, lakini Sarah-Grâce akicheza, Mama alikuwa anasahau kutukana. Kituo cha Bukavu hakipokei mtoto aliyepita miaka kumi na mitano, na yeye alibakiza miezi miwili. Mjomba wake alikuwa amekwisha kumnunulia karai la kuoshea mchanga wa dhahabu. Hippolyte angechagua mmoja wa kundi lake, na Sarah-Grâce angeinama mtoni na karai hilo mpaka mgongo umpinde.

Nikaenda kwa Muzee Djuma, nyuma ya msikiti. Yeye ndiye anayeipiga ngoma ya mpunga tangu ujana wake, na kamati ilikuwa imemwomba apige siku hiyo.

“Muzee,” nikamwambia, “kule Salamabila wapigaji wake wanakataka ngoma tu, watu wanapiga makofi. Weye usikate. Piga mpaka mwisho.”

Djuma akanitazama, akakuna kidevu. “Miye sijuake kupiga nusu. Nitapiga vile inapigwaka. Kama yeye ni mwalimu, atajibu.”

“Na kama hajibu?”

“Basi batu watalala pale.”

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: yeye atakwama mbele ya mji mzima, mimi nitapanda nimfungie ngoma usoni, kisha niwaulize watu, hii ngoma ni ya nani?

Siku yenyewe tulimpakia Mama nyuma ya baiskeli, mimi nikisukuma, Sarah-Grâce akishikilia mgongo. Kiwanja kilijaa. Wanawake walitoka mpaka Kabambare, wengine wenye umri wa Mama, vikwembe vipya vya kitenge viunoni. Souleymane, mwenyekiti wa kamati, muuza vitambaa sokoni, alikuwa na mikro, kile kipaza sauti, mkononi na hakutaka kuiachia. Akawataja waliochanga mmoja mmoja, kisha akaita: “Maître Hippolyte!”

Akapanda jukwaa la udongo ulioshindiliwa. Miwani myeusi, viatu vyeupe.

“Anacheza na viatu,” akasema Mama, kama mtu aliyeona nzi kwenye mchuzi.

Hippolyte aligusa udongo kwa vidole viwili na kumtaja babu yake. Akaanza. Nitasema kweli, kwa uchungu wangu: anacheza vizuri. Mabega yale ni ya Mama, na lile kusitasita kabla ya kugeuka ni la Mama pia. Kila kitu kizuri alichofanya pale nilikuwa nimekiona kwetu, nyuma ya jiko. Watu wakashangilia, naye akainua mikono juu, amemaliza.

Djuma akapiga moja. Akapiga mbili. Akapiga tatu, akanyamaza.

Hippolyte akainama kushukuru. Hakuna aliyepiga makofi.

Djuma akarudia mapigo matatu. Safari hii Hippolyte alisikia kwamba anaitwa. Akazunguka, akapiga magoti, akaruka, akatawanya mikono. Mama mmoja wa Kabambare akapaza sauti: “Ngoma iko wazi!” Na wanawake wazima wote, mmoja baada ya mwingine, wakaketi chini kwenye njia ya kutokea, wakanyoosha miguu. Ndiyo ada yenyewe: hakuna wa kupita.

Moyo wangu ulicheza kuliko yeye. Nilitaka dakika ile isiishe.

Souleymane akamsogelea na mikro. Mama yake mwenyewe alikuwa mchezaji, hakuhitaji kuelezwa. “Maître, funga basi. Hii diplome siwezi kuitoa, ngoma ingali wazi.”

“Ngoma yangu haifungwake,” akasema Hippolyte.

Kicheko kilichotoka pale, sijawahi kusikia kingine kitamu hivyo. Nikasimama, nikakaza kikwembe. Mkono wa Mama ukanidaka.

“Kaa.”

“Mama, niache nimumalize.”

“Weye haujui.”

Nikacheka. “Sijui nini? Ulinifundishaka weye mwenyewe!”

Mama akamgeukia yule mtoto. “Sarah-Grâce. Enda, umufundishe.”

Sarah-Grâce akapanda jukwaani na gauni lake la shule. Akamwambia yule bwana mkubwa kwa adabu zote: “Maître, vua viatu.” Hippolyte akatazama kamati, akatazama njia iliyozibwa na miguu ya wanawake, akavua. Mtoto akagusa udongo kwa kiganja kizima. “Nilifundishwa na Mama Anastasie.” Djuma akapiga matatu yake.

Mwanzo niliujua. Unashuka polepole kama mtu anayetua kikapu kizito, viganja viwili chini, unainuka. Hapo kwangu huwa ndiyo mwisho. Lakini Sarah-Grâce hakusimama hapo. Akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, na kwa kisigino cha kushoto akawa anafuta alama za miguu yake mwenyewe katika vumbi la jukwaa, mpaka mbele yake pakabaki safi kama hapakupita mtu. Ndipo Djuma akaitikia kwa pigo moja, pigo ambalo mimi, miaka yote ile, sikuwahi kulisikia.

Wale wanawake wazima wakapumua pamoja. Wao walilijua. Mimi nilibaki nimesimama na kikwembe changu kilichokazwa. Kama Mama asingenishika, ningepanda mimi kujiaibisha karibu na Hippolyte.

Hippolyte ilibidi ajaribu mara tatu. Mara ya kwanza alifuta kwa mguu wa kulia, wanawake wakazomea. Mara ya pili akayumba. Sarah-Grâce akamshika kiwiko kama mtoto anayejifunza kutembea. Mara ya tatu Djuma akapiga lile pigo lake, na mama wa Kabambare akauliza kwa sauti: “Nani alikufundisha kufunga?”

Hippolyte akafuta vumbi magotini. Souleymane akamwekea mikro mdomoni.

“Sarah-Grâce,” akasema.

“Na yeye?”

“Mama Anastasie.”

Vigelegele vilipanda mpaka kwenye mapaa ya soko, na Souleymane akamkabidhi diplome. Na kwa kuwa alichopewa mchezaji hukiweka mapajani mwa mwalimu, Hippolyte aliteremka peku na diplome mkononi, akapita katikati ya watu, akaja kupiga magoti mbele ya kiti cha Mama. Nilitamani alie. Hakulia, lakini midomo ilimtetemeka, nikaridhika nayo.

Mama akaipokea. Akamtazama kama mtu anayemtazama mwanawe aliyekonda.

“Unakula muzuri kule?”

“Ndiyo, Mama.”

“Aksanti. Usisahau viatu vyako.”

Akamnyooshea Souleymane kidole, akamwonyesha Sarah-Grâce kuwa ndiye wa Bukavu, maana haki ya kuchagua hufuata diplome. Hakuna aliyebisha. Mjomba wa mtoto alikuwepo. Niliona anaangalia chini, nafikiri analiwaza karai lake.

Njiani nilisukuma baiskeli mpaka nyumba za mwisho za mji. Kisha nikamwuliza: “Mama, kwa nini mutoto na si miye?”

Alikaa na diplome kifuani. Hakujifanya hakuelewa.

“Hippolyte alitokaka, nikajua hata weye utatoka. Miguu yangu ilikuwa imeanza kuvimba. Nikasema, huyu nitamupa nusu. Mutu mwenye nusu haendake mbali.”

“Miaka kumi na miwili, Mama!”

“Ulinitunza muzuri,” akasema. “Sarah-Grâce ilikuwa lazima atoke. Yeye nilimupa yote.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi kisima nilimchimbia Hippolyte, na ndani nikamkuta Mama alikwisha kunichimbia changu zamani.

Kesho yake asubuhi pikipiki ya kumpeleka Sarah-Grâce ilikuwa inanguruma mbele ya nyumba, begi limefungwa nyuma, dereva anapiga honi. Mama alikuwa amekaa mlangoni apate kuaga. Nikamshika mtoto mkono, nikamvuta kiwanjani, mahali ambapo Mama angeona na kusikia.

“Nifundishe,” nikamwambia.

Akaona haya. “Yaya Benita,” akasema, maana kwake mimi ni dada mkubwa, “miye nikufundishe weye?”

“Nifundishe, mwalimu.” Jana nilifurahi mtu mzima alipovuliwa viatu na mtoto. Mkuki kwa nguruwe.

Nikavua kandambili. Akanionyesha mara mbili, kisigino cha kushoto, polepole. Mara ya pili nilishika. Kisha nikarudi mwanzo nicheze yote, nikainama, nikagusa udongo kwa kiganja kizima.

“Nilifundishwa na Sarah-Grâce,” nikasema kwa sauti.

Mama pale mlangoni aliacha kujipepea. Alikuwa anangoja jina la pili, lake mwenyewe. Mtoto naye alinitazama, akingoja, na dereva akapiga honi tena.

Sikulitaja. Nikaanza kucheza.