Homa ya Fundi Friji

Fundi friji alikuwa fundi redio hadi kazi ya redio ilipokosa wagonjwa. Akahamia kwenye mafriji, na hapo ndipo ndoa yake changa ilipoingia mdudu.

Kila alipotoka kutengeneza chumba cha baridi cha bucha, alirudi nyumbani macho mekundu, viungo vinauma, mwili moto, vipele vimemtapakaa shingoni. Kesho yake anaamka buheri wa afya. Na mwenye bucha alikuwa mjane mcheshi.

"Friji gani hiyo inayomtia mtu alama za shingoni?" mkewe aliuliza.

"Ni baridi tu."

"Baridi ndiyo ikupandishe joto?"

"Kwetu tuko hivyo. Hata mama yuko hivyo."

"Mama wa watu usimsingizie!"

Siku moja mke akamfuata buchani. Alimkuta mjane peke yake, anapasua mifupa.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Yuko chumbani," alijibu mjane bila kuinua kichwa.

Hakungoja asikie chumba gani. Aliuvuta mlango mzito ulioachwa wazi kidogo, akaingia kwa kishindo, ukajifunga nyuma yake. Mumewe alikuwa katikati ya mbuzi wanaoning'inia, kavaa masweta mawili, spana mkononi.

"Umeufunga?" fundi akauliza kwa sauti ndogo. "Kitasa cha ndani kimekufa. Hicho ndicho nilichoitiwa."

Waligonga, wakaita, mwishowe wakakumbatiana kwa kukosa la kufanya. Mjane alidhani wanasuluhishana, akawaachia faragha mpaka mteja alipotaka maini.

Walipofika nyumbani, mke alikunywa chai akawa mzima. Mume akaanza kuwaka kama jiko. Mke akamtazama, akajitazama. Baridi waliyokula ilikuwa moja. Aibu ikamshika, na baada yake hofu. Kulipokucha akamburuta hospitali.

Daktari aliwahoji sana, akaagiza damu ipimwe, akataka wazazi wa fundi nao waje. Majibu yalipotoka, wote wanne walikuwa wamebanana kwenye benchi.

"Ndani ya chembe za mwili tunazaliwa na walinzi," daktari alisema. "Yupo mmoja, tunamwita kipokezi. Akinusa hatari anapiga mbiu, homa inaamka kupambana na vijidudu. Bila walinzi hao, mkwaruzo tu ungeweza kukuua. Wako amezaliwa na kasoro. Baridi ikipita tu, anapiga yowe la mwizi."

"Na mwizi hayupo," alisema fundi, akimtazama mkewe. Mkewe akawa anaichunguza dari.

"Kuna sindano ya kuizima ile mbiu ya homa. Tutaiagiza. Ila kazi ya baridi, uiache. Hali hii hurithiwa. Mama, wewe je?"

Mama mtu alisimama. "Mimi? Tangu niolewe, nikifua nje kwenye baridi ya asubuhi, jioni niko kitandani! Na huyu bwana," alimnyooshea mumewe kidole, "anauambia ukoo mzima kwamba ameoa mvivu!"

Wagonjwa wa kwenye korido wakachungulia. Mzee alikohoa, akavua miwani, akaivaa tena. Aliwatazama daktari, mwanawe na mkwewe, asipate wa kumtetea.

"Mama nanihii," alisema mwishowe, kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuusikia, "kwani ile sabuni ya kufulia huwa unaiweka wapi?"