Ni Mazoea Tu

Kwa miaka thelathini na moja palikuwa na beseni la maji mlangoni pa chumba cha ramani, na kando yake taulo lililokunjwa mara nne. Mgeni aliyefika ofisi ya ardhi kwa mara ya kwanza alidhani kuna bomba linavuja. Wenyeji walijua: ukitaka kuingia humo ndani unavua viatu, unaosha miguu, unaikausha mpaka katikati ya vidole, ndipo unaingia. Hutaki, simama kizingitini useme shida yako kwa mbali.

Mwenye sheria hiyo alikuwa mkuu wa chumba, mama mnene mwenye sauti ndogo, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Ramani. Hakuitunga kwa kiburi. Ramani za asili, zile za zamani zilizochorwa kwa wino juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye kitambaa, zilikuwa kubwa kuliko shuka la kitanda, na mpaka wa shamba moja uliweza kuanzia kwenye ramani ya kwanza ukaishia kwenye ya nne. Hakuna meza iliyozitosha. Basi zilitandazwa sakafuni, ukingo kwa ukingo, na mchoraji akatembea juu yake, akapiga magoti, akaufuata mstari kwa kidole. Chembe moja ya mchanga chini ya soli iliweza kuikwangua alama ya jiwe la mpaka ikafutika, na jiwe la mpaka likifutika kwenye ramani, huko nje ndugu wa tumbo moja hushikiana mapanga.

"Kiatu hakisikii kitu," alikuwa akisema. "Unyayo unalisikia kunjo kabla halijachanika."

Msaidizi wake aliitwa Kisigino. Jina alilipata siku yake ya kwanza kazini, alipoingia kwa pupa ya ujana akitua kisigino mbele, pu, pu, pu. "Wewe kisigino, hebu tua kwa vidole! Hapa hatupigi gwaride," Mama Ramani alimwambia, watu wakacheka, na jina likaganda. Hakulichukia, kwa kuwa aliyempa jina ndiye aliyempa kazi. Alimfundisha kusoma wino uliofifia, kupuliza vumbi bila kurusha mate, kupika gundi ya wanga na kuziba mpasuko kwa karatasi nyembamba mpaka jicho lisione. Kisigino alipofiwa na mama yake mzazi, Mama Ramani alikaa naye kwenye benchi la nje mchana kutwa, kazi zikilala, akamwambia, "Mimi nipo, mwanangu." Miaka kumi na minne walifanya kazi pamoja pekupeku. Haya yote Kisigino aliyajua vizuri, kwa hiyo asije mtu akasema alikosea kwa kutojua.

Mkuu mpya wa ofisi alikuja na mambo yake. Alibadili mapazia, akabadili rangi ya mafaili, akaweka kioo kirefu kwenye ngazi ili kila mtu ajitazame kabla hajapanda. Siku moja akaleta wageni kutoka wizarani kuwaonyesha jengo. Wakamkuta Mama Ramani amesimama miguu mitupu katikati ya ramani sita, gauni kalipandisha kidogo kwa mkono mmoja, penseli kaibana kwa meno.

"Kumbe nyaraka za umma hapa zinakanyagwa?" mgeni mmoja akauliza, na wenzake wakacheka.

Mkuu hakucheka. Kesho yake waraka ulibandikwa kila mlango: ni marufuku mtumishi yeyote kuonekana bila viatu ndani ya jengo hili, ofisi si nyumbani kwa mtu. Mfagizi akatumwa kuliondoa beseni. Mama Ramani akaja na beseni lingine kutoka kwake, jekundu, akaliweka palepale. Ikaja barua ya kwanza ya onyo, ikafuata ya pili. Zote mbili alizisoma akiwa amesimama juu ya ramani, akazikunja, akaziweka mfukoni, akaendelea na mstari alioukatiza.

"Mama, si uvae tu hata raba nyepesi, yaishe?" Kisigino alimsihi. "Umebakiza miezi tisa kustaafu. Kwa nini ujitafutie balaa?"

"Nikivaa mimi, na wewe utavaa. Ukivaa wewe, atakayekuja baada yako hatajua kuna kitu tulikuwa tunakivulia." Kisha akamtazama kwa upole uliomchoma. "Na wewe usiogope. Mimi ndiye niliyeandikiwa."

Mama Ramani alipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu, Mkuu alimwita Kisigino pembeni siku moja kabla. Alimkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Una miaka mingapi hapa?"

"Kumi na minne, Mkuu."

"Na bado msaidizi." Mkuu akatikisa kichwa, akajitia huruma. "Kesho utaulizwa swali moja tu. Ujibu kama mtu anayejua anakokwenda."

Hakumwahidi kitu, hakumtisha kwa kitu. Kisigino alirudi nyumbani, mkewe akamwuliza mbona hali, akasingizia tumbo.

Kikaoni Mama Ramani alikuja na viatu, vyeusi, vilivyombana. Hakuwa mshari. Chumbani humo hapakuwa na ramani, akaona hakuna sababu ya kuvua. Alieleza habari ya mchanga, ya makunjo, ya mawe ya mpaka, kwa sauti yake ile ndogo, na wajumbe watatu wakamsikiliza kama watu wanaosubiri mvua ikatike. Kisha mwenyekiti akasema, "Tumsikie mtaalamu mwenzake. Wewe bwana, kazi hii inahitaji mtu avue viatu, au ni mazoea ya mama huyu?"

Kisigino alimtupia Mkuu jicho. Mkuu alikuwa akiandika kitu kwenye daftari, hata hakuinua uso. Jibu la kweli lilikuwa ulimini, fupi, wala halikuhitaji ushujaa mkubwa, ni maneno matatu tu. Yakaja mengine matatu.

"Ni mazoea tu."

Mama Ramani hakumtazama usoni. Alivitazama viatu vyake Kisigino, akavitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma jina asilolijua. Baada ya wiki mbili aliachishwa kazi, na barua ikasema sababu ni utovu wa adabu kazini. Alibeba beseni lake jekundu mwenyewe hadi getini, maana kila mtu siku hiyo alikuwa na shughuli.

Cheo kilimwangukia Kisigino mwezi huohuo. Alinunua viatu vipya vya ngozi, vya kisigino kigumu, vilivyolia alipotembea, na mkewe akamsifu kwamba sasa anafanana na mkuu wa kitu. Chumbani aliingia navyo. Mwanzoni alipita kandokando, akinyata kama mwizi kwenye chumba chake mwenyewe. Baadaye akazoea. Mtu huzoea upesi, na hilo ndilo baya lenyewe.

Kisha ikatakiwa ramani ya bonde, moja ya zile kongwe, kwa ajili ya kesi ya mpaka baina ya vijiji viwili. Aliitandaza asubuhi, akazunguka kuweka vyuma vya kuzuia kingo, akavuka kona moja kwa hatua ndefu. Kona ilikuwa imeinuka kidogo tu, kunjo la zamani ambalo unyayo ungelisikia hata ukiwa umelala usingizi. Kisigino kikatua juu yake. Ilisikika sauti ndogo, kavu, naye akajua kabla hajageuka. Mpasuko ulikuwa na urefu wa kiganja, na ulikuwa umepita katikati ya jiwe la mpaka.

Kuziba alifundishwa, lakini mpasuko wa namna ile, unaopita kwenye wino, Mama Ramani hakuwahi kumwachia mtu. Basi Jumamosi akapiga moyo konde, akaenda.

Mama Ramani alikuwa akiishi kwa binti yake, nyumba ya vyumba viwili. Alimkuta sebuleni kwenye kiti cha mbao, na kilichomshtua ni miguu yake. Ndani ya nyumba, juu ya mkeka safi, alikuwa amevaa vile viatu vyeusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Aliona macho ya Kisigino yalipokwenda. "Navaa mchana kutwa siku hizi. Wajukuu wameiona ile barua. Yule mkubwa anasoma sasa, akaniuliza, bibi, utovu wa adabu ndio nini? Nikaona nianze kuwa na adabu."

Kisigino alikosa pa kuweka mikono. Aliumauma maneno, mwishowe akalitoa jambo lililomleta. Mama Ramani alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ulikanyaga na nini?"

"Na kiatu, mama."

"Haya." Alipangusa goti ambalo halikuwa na kitu. "Nitakuja Jumatano, nitaziba, hata aliyeichora hatajua. Cheo chako sikitaki, kale na watoto wako. Kurudi kazini sitaki. Nataka sentensi moja. Uiandikie kamati, uweke sahihi yako: tulivua viatu kwa sababu viatu vinaharibu ramani. Basi. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja, na karatasi ya mwisho niliyopewa inasema sina adabu. Sitaki kufa hiyo ikiwa ndiyo ya mwisho."

"Nitaandika, mama."

"Utaandika?"

"Nitaandika. Jumatatu."

Na Jumatatu aliandika kweli. Tusimnyime haki yake hata hiyo ndogo. Alikaa kwenye meza yake, akaandika sentensi ileile kama alivyopewa, akaweka sahihi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao kifua kikamfunguka. Wino haujakauka, Mkuu akaingia bila kubisha hodi, kuuliza habari za ramani ya bonde. Ilikuwa bado sakafuni. Alisimama juu yake, na viatu vyake, akainama.

"Hii nini?"

Kisigino alisimama. Barua ilikuwa chini ya kiganja chake.

"Imechanika, Mkuu."

"Naona imechanika, sina upofu. Nani?" Na kabla hajajibiwa akajijibu. "Ni yule mama, siyo? Si nilisema mimi! Kutwa kukanyagakanyaga mali ya umma na miguu yake, mlidhani nina chuki. Ni yeye?"

Hapakuwa na mjumbe, hapakuwa na mwenyekiti, walikuwa wawili tu. Kisigino alikunjakunja karatasi iliyokuwa chini ya kiganja, polepole, mpaka ikaingia yote ndani ya ngumi.

"Ndiyo, Mkuu."

"Liandike kwenye kitabu cha uharibifu. Weka tarehe ya enzi zake. Na kesi ikituletea maneno, tunajua pa kuelekeza watu."

Akaandika. Mwandiko ulitoka safi, na hilo lilimwogopesha kuliko kosa lenyewe.

Jumatano saa nne asubuhi simu ya mezani ililia. Alikuwa mlinzi wa getini.

"Bosi, kuna mama hapa, yule wetu wa zamani. Anasema mna miadi."

Kisigino alikwenda dirishani. Alimwona pale chini juani, kapu mkononi, amesimama wima kwenye vile viatu vinavyombana, akiwasalimia watu mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Wengine waliitikia huku wakitembea.

"Mwambie nipo kikaoni."

"Nimwambie asubiri?"

"Mwambie kikao ni cha siku nzima."

Alirudi mezani, akakaa na mafaili ambayo hakuyafungua. Alisubiri kusikia kelele, tusi, kilio, chochote ambacho kingemfanya na yeye akasirike. Hakikuja. Baada ya nusu saa mlinzi alipanda ngazi mwenyewe, akabisha, akaweka juu ya meza furushi la kitambaa.

"Ameacha hii. Amesema kama ni kazi nyingi, utaziba mwenyewe, unajua. Gundi ameipika leo, isilale." Mlinzi akasita. "Akasema pia asante kwa ile barua. Atakuja kuichukua nakala siku utakayopata nafasi, yule mjukuu wake anataka kuisoma."

Alipotoka, Kisigino alifungua furushi. Kopo la gundi lilikuwa bado na uvuguvugu. Palikuwa na brashi yake ile ya nywele laini, karatasi nyembamba zilizokatwa tayari kwa kipimo cha kiganja, na taulo, limekunjwa mara nne.

Kesi ilikuwa wiki ijayo, na ramani ilipaswa kuzibwa. Aliufunga mlango kwa ufunguo. Akavua viatu, akavua na soksi, akalilowanisha taulo kwa maji ya kunywa, akajifuta miguu mpaka katikati ya vidole. Akaingia juu ya ramani ya bonde akitua kwa vidole, taratibu, bila sauti, na unyayo ukalisikia kunjo kabla jicho halijaliona, kama alivyofundishwa. Akapiga magoti mbele ya mpasuko ambao kitabuni ulikuwa na jina la mwingine. Machozi yalimjia, akageuza uso yasidondokee wino.

Mlango ukagongwa. Akavaa viatu kwanza, ndipo akafungua.