Michirizi ya Yeorim

Boksun alikuwa amesugua nongo za wanawake wa Gunsan, mji wa bandari huko Korea, kwa miaka ishirini na sita, katika bafu lile lile la umma nyuma ya soko la samaki, na hapakuwa tena na mgongo wala tumbo la kumshangaza. Wateja walimwita mama mdogo, wakubwa kwa wadogo. Wakishalala kwenye kitanda chake cha plastiki, naye akavaa glavu yake ya kijani inayokwaruza, walimweleza mambo ambayo hata waume zao hawakuyajua.

Mteja wake wa kila Jumanne alikuwa Mama Dongha, muuza samaki wakavu, mwanamke mwenye maneno mengi na mkono wa kutoa. Jumanne moja ya mwezi wa kumi alikuja na mke wa mwanawe, Yeorim, mwenye mimba ya wiki thelathini na nne. Yeorim alifundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la manispaa, na zamani alikuwa haachi kuja. Sasa alikuwa hajaonekana miezi mitatu. Sababu aliitoa Mama Dongha, kwa sauti iliyoenea chumba kizima: binti anaona haya, tumbo limeingia michirizi, na mapaja pia, anadhani watu watamkodolea macho.

"Mama, wote wamesikia," Yeorim akasema.

"Wasikie. Nani humu hana yake?"

Mama Dongha akaenda zake kwenye hodhi la maji ya moto. Boksun alimlaza Yeorim ubavu, akachanganya maji hadi yakawa vuguvugu tu, akaanza na mgongo. Michirizi aliiona mara moja. Ilikuwa myekundu iliyoiva, imeshuka kutoka kitovuni pande zote mbili, na mingine imezunguka nyonga. Aliendelea kusugua. Aliyeitaja ni Yeorim, uso ameuelekeza ukutani. Alikuwa amenunua makopo manne ya krimu tangu mwezi wa nne wa mimba. Alipaka asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja. Sasa alitaka kujua alikosea wapi.

"Mama yako mzazi anayo?" Boksun akauliza.

"Anayo."

"Basi hukukosea popote. Ngozi inachanika kwa ndani, mwanangu, tumbo likikua kuliko inavyoweza kuvutika. Mafuta yanabaki huku juu. Yanalainisha, yanatuliza muwasho, kwa hiyo endelea kupaka. Lakini anayekwambia kopo lake litaizuia, huyo anauza kopo."

"Itaondoka?"

"Haiondoki. Itapauka. Mwaka mmoja, miwili, mpaka uitafute kwa mwanga ndiyo uione."

Yeorim akataja kopo la tano, alilopewa na rafiki yake wa Seoul ambaye alilitumia kwa chunusi na makovu ya uso. Boksun alimwambia asilitie kidole tena kabla hajamwonyesha mfamasia, maana dawa nyingine za uso zina nguvu na mjamzito hakatazwi bure kuzitumia.

Alipofika miguuni ndipo mkono wake uliposimama. Nyayo za Yeorim zilikuwa na alama za kucha, nyekundu, nyingine zimekauka damu. Akamgeuza mkono. Viganja navyo vilikuwa vimekwaruzwa. Akarudi kulitazama tumbo, lenye michirizi yote ile, na pale hakuona hata mkwaruzo mmoja.

"Unajikuna wapi?"

Yeorim alisema anawashwa wiki mbili sasa, kila mahali, lakini nyayo na viganja ndivyo vinavyomtesa, na usiku halali. Mama mkwe alimwambia ni ngozi inavutwa na mtoto, kila mjamzito anawashwa. Kwa daktari hakuwa ameutaja muwasho huo, maana aliona haya kwenda hospitali kulalamikia michirizi.

Boksun akavua glavu. Miaka ya nyuma muuguzi mmoja, naye mteja, aliwahi kumwambia akiwa kwenye kitanda hicho hicho kwamba mjamzito anayewashwa viganja na nyayo bila upele apelekwe hospitali asisubiri, kwa sababu huenda ini ndilo linalolalamika. Boksun hakuelewa yote, ila hilo la viganja alilishika.

"Vaa. Nenda hospitali leo hii, waambie wakupime damu. Mtoto hajakalia nyayo zako hata azivute ngozi."

Mama Dongha alitoka hodhini akiwa mwekundu, akataka kujua kwa nini kazi imeachwa nusu. Alipoelezwa, alikasirika. Alisema yeye kazaa watatu na aliwashwa kwa wote, na kwamba msugua nongo hana cheti cha kutisha wake za watu.

"Cheti sina, dada," Boksun akajibu. "Na wewe huna. Ndiyo maana nasema aende kwa mwenye nacho."

Wakaondoka bila kuaga.

Hata hivyo Yeorim alikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Damu ilipopimwa, ilionekana ini la Yeorim limeshindwa kutoa nyongo vizuri, na nyongo imejaa kwenye damu. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huo huja na mimba na huondoka nayo, lakini ukiachwa unaweza kumdhuru mtoto tumboni. Alipewa vidonge, akawa anapimwa mara mbili kwa wiki, na wiki ya thelathini na saba walimwanzishia uchungu. Alizaa msichana wa kilo mbili na nusu na ushei, mwenye sauti kubwa. Siku ya tatu Yeorim aligundua kwamba amelala saa nne mfululizo bila kujikuna.

Habari hizi Boksun alizipata kwa wengine, kwa sababu Mama Dongha hakukanyaga bafuni Jumanne sita. Ya saba alikuja, akaweka pembeni furushi la dagaa wakavu wa daraja la kwanza, akalala kifudifudi.

"Sugua vizuri," alisema. "Nina nongo za mwezi na nusu."

Boksun akavaa glavu.

Yeorim mwenyewe alirudi majira ya kuchipua, mtoto akiwa na miezi mitano na bwawa likiwa limemrudisha kazini. Michirizi ilikuwa bado ipo, imegeuka waridi iliyofifia. Alimwambia Boksun kwamba haipendi, na kwamba hasemi uongo kuhusu hilo. Alikuwa amenunua vazi la kuogelea linalofika magotini ili aifiche. Alilivaa wiki mbili. Lilinyonya maji, likawa zito, na mara mbili mtoto mwanafunzi alimpita kwa kasi na kumcheka. Wiki ya tatu akarudia vazi lake la zamani.