Sauti ya Kuazima

Neno la kwanza lilipotoka, fundi wa sauti alivua miwani akanitazama kupitia kioo kana kwamba nimemtukana.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mle chumbani, ambamo kuta zilikuwa zimefunikwa sponji nene ili kelele za mtaani zisipenye, rafiki yangu aliyekwisha kuzikwa akasema kwa mara ya pili: "Nilikuwa nakuja, ila njia ilinishinda."

Midomo iliyokuwa ikicheza kwenye skrini ilikuwa yake. Koo lilikuwa langu.

Tulianza pamoja jukwaani, katika ukumbi wenye paa la bati lililoshindana nasi kila mvua iliponyesha. Mimi waliniita Honi. Hata nikinong'ona, mtu wa safu ya mwisho alinisikia. Yeye alikuwa na sauti ya chini, nzito, yenye mikwaruzo kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Watu waliinama mbele wenyewe ili wamsikie. Televisheni ilipokuja kutafuta waigizaji ilimchukua yeye kwanza. Mimi, mwongozaji alinisikiliza kidogo tu, akaziba masikio huku akicheka.

"Kaka, maikrofoni iko kwenye kola ya shati lako. Unamwita nani?"

Ikanibidi nijifunze kuzungumza upya, na mwalimu wangu akawa rafiki yangu. Nilimsikiliza alivyomeza mwisho wa sentensi, alivyopumua kabla ya kusema uongo. Nikamwiga mpaka nikawa namtania nyuma ya pazia kwa sauti yake mwenyewe, naye akicheka hadi anashika mbavu. "Siku nikiugua," alisema, "ingia tu kazini. Hakuna atakayejua."

Wala hakuugua. Alikuwa amemaliza kupigwa picha za sinema yake ya kwanza kubwa, lakini maneno mengi yalikuwa yamemezwa na upepo na injini za magari, ikabidi yarekodiwe upya studio. Kabla hajaitwa, moyo wake ulisimama asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Baada ya mazishi mwongozaji wa sinema hiyo alinipigia simu. Hakuzunguka.

"Ni wewe tu unayeiweza."

Kazi ile ilinikalia vibaya. Nilipotoka studio sauti haikutaka kunitoka. Niliomba mkate dukani kwa sauti ya marehemu. Nilipojigonga kwenye meza yangu nilijipa pole kwa sauti ya marehemu. Chumba changu kilikuwa kimya tangu zamani, kimya cha sahani moja na kikombe kimoja, na nakiri nilifurahi kupata mgeni, hata kama mgeni mwenyewe alikuwa kooni mwangu.

Siku ya mwisho mjane wake alikuja. Alikaa nyuma ya kioo, mkoba mapajani, macho kwenye skrini, asilie. Tulipomaliza, fundi alitoka kuvuta sigara. Mjane akaingia nilimokuwa, akafunga mlango.

"Shemeji, nina ombi. Usinicheke."

"Siwezi kukucheka."

"Akirudi kutoka kazini, kabla hata sijamfungulia, alikuwa anasema, 'Bibie, nimefika.' Basi, hivyo tu. Niambie mara moja tu, kwa sauti yake."

Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, nikiwa nimesimama nyuma yake kwenye ngazi za nyumba yao, nikisubiri kukaribishwa. Niligeukia ukuta ili asiuone uso wangu. Nikavuta pumzi kutoka tumboni, nikasema.

"Abee!"

Aliitika kabla hajajizuia, kwa ulaini ambao mimi sijawahi kuitikiwa na mtu. Nilibaki nikitazama sponji. Niliogopa kugeuka, maana nilijua ningemwonyesha nani amesimama pale.

Nilipogeuka alikuwa ameketi kwenye kiti changu, akijifuta machozi kwa kiganja.

"Ni yeye kabisa," akasema. Kisha akaongeza: "Ila yeye alikuwa akiisema kwa uchovu. Wewe umeisema kama mtu anayeogopa hatafunguliwa."

Nilikuwa nimesimama mbele ya kumbi zilizojaa, nimeingia sebuleni kwa watu nisiowajua kupitia runinga zao, na hakuna aliyewahi kunisikia hivyo.

Sinema ilipoonyeshwa mjane alinikaribisha nikae kando yake. Watu walilia palipostahili kilio. Jina langu halikuwekwa popote. Mimi ndiye niliyeomba hivyo. Tulitoka tukasimama ukingoni mwa barabara, macho yakiumizwa na jua la alasiri, yeye akingoja teksi.

"Na wewe, shemeji," akaniuliza, "ukifika nyumbani unamwambia nani kwamba umefika?"

"Hakuna mtu," nikajibu.

Lori lilikuwa likipita. Akaweka mkono sikioni, akanisogelea.

"Sijakusikia."

Nikasubiri lori lipite, nikasema tena, kwa sauti yangu mwenyewe.