Chakula cha Nywele

Mganga hajigangi, na fundi mapazia huyu alikuwa ushahidi unaotembea. Alikuwa amefunika madirisha ya nusu ya mtaa, pamoja na ya zahanati na ya ukumbi wa harusi, lakini paji la uso wake mwenyewe lilimshinda kulifunika. Kila mwezi lilisogea nyuma kidogo. Tangu usichana alisukwa misuko ya kubana, maana alipenda kuonekana nadhifu, na sasa nywele za mbele zilikuwa zimemuaga moja moja, bila ugomvi. "Bado kidogo nitakuwa nanawa uso mpaka kisogoni," alijiambia mbele ya kioo, akacheka, kisha akaacha kucheka.

Angevumilia, kama si mama mkwe. Mama huyo alikuwa amekuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza, kwa ahadi ya kukaa sana, na tangu afike alikuwa hali chakula. Si kwamba alikataa. Alikaa mezani, akashukuru, akachota kijiko kimoja cha wali, akakizungusha mdomoni kama mtu anayetafuta jiwe, akasema ameshiba. Fundi alipunguza mafuta, akaongeza mafuta, akapika samaki, akapika kuku. Wapi! Uso wa mama ulizidi kukunjamana, na jioni moja alimwambia mwanawe kwamba Ijumaa angerudi kwake.

Mume, mtu wa amani asiyependa kushika upande wowote, hata wa kitanda, alisema tu, "Labda amekumbuka nyumbani."

Fundi alijua vingine. Alijua kwamba mama akishafika kwake, mashangazi wote wa upande ule wangemuuliza, "Vipi mkwe wetu?" na mama angenyamaza. Ukimya huo ungemsema vibaya kuliko matusi. Na ukweli wenyewe ni kwamba alimpenda yule mama, na alitaka naye apendwe, basi.

Mwenye akili timamu angemuuliza mgeni, "Mama, una nini?" Fundi mapazia aliamua kutengeneza nywele. Chakula kilishamshinda, angalau mashangazi wakiuliza, mama aseme mkwe ana kichwa cha kutazamika.

Saluni alishaacha kwenda. Tritimenti moja pale, ya kulisha nywele ukikaa chini ya mvuke mpaka shingo iume, ilikuwa na bei ya kitambaa kizuri cha sebule nzima, na msusi alikuwa na tabia ya kuwaita wenzake waje kutazama. Mteja mmoja alishamwelekeza namna ya kujitengenezea nyumbani kwa vitu vya jikoni. Akachukua parachichi lililoiva sana, akaliponda kwa uma, akalipitisha kwenye chujio, maana safari iliyopita alijipaka ndizi bila kuchuja, akawa anadondosha vipande vya ndizi juu ya mapazia ya watu. Akatia kiini cha yai, akatia asali. Mwisho akaleta mafuta ya nyonyo, yale mazito yanayotoka kwenye chupa kwa kujivuta. Aliambiwa kijiko kimoja. Yeye akaupima ukubwa wa tatizo kwa kiganja, akamimina mpaka moyo ukaridhika. Alikoroga mpaka mchanganyiko ukawa laini, kijani, unang'aa.

"Laiti wali wangu ungetoka hivi," alisema.

Mara hodi. Mteja. Bakuli lililokuwa safi ni lile la maua tu, la wageni, basi akamimina humo, akafunika, akaweka kwenye friji. Mteja mwenyewe alikuwa wa aina ile anayetaka pazia kama la jirani lakini lizuri kuliko la jirani, kwa hiyo hawakumalizana upesi. Fundi aliporudi jikoni, alimkuta mama mkwe amekaa kwenye stuli, mkate mkononi, bakuli la maua mbele yake, na zaidi ya nusu imekwenda.

"Mwanangu," mama alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "hiki ndicho chakula. Ulikuwa unakificha kwa nini?"

Fundi alifungua mdomo. Palikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema kweli, nafasi pana, na yeye aliipita mbio.

"Kilikuwa hakijakamilika, mama."

"Kimekamilika. Kumbe mkono unao!"

Aibu na furaha vilipigana kifuani mwake, na furaha ikashinda bila haya yoyote. Hata akaongeza, "Nitakutengenezea tena." Hapo ndipo ujinga ulipokomaa.

Mchana mama aliinuka kwenye kochi kwa kasi isiyolingana na umri wake, akaingia chooni. Choo cha nyumba hii kilikuwa ubavuni mwa chumba cha cherehani. Mlango wake ulioza, ukang'olewa, na yeye fundi, kwa kuwa kazi yake ni mapazia, akatundika pazia badala yake: zito, lenye mikunjo na bitana, la kuonyesha wateja. Sasa pazia lile lilizuia macho tu. Fundi, kwa heshima ya ukwe, akakanyaga cherehani isiyo na uzi wala kitambaa, akaizungusha kwa nguvu zote ili asisikie, huku akitunga maneno ya kumwambia mumewe. Hakupata mazuri kuliko, "Nimemuua mama yako kwa tritimenti."

Mama hakufa. Alitoka uso umekunjuka, akaomba chakula, akala wali na mboga, akaongezewa, akakwangua sufuria. Jioni mwanawe alipoulizia safari ya Ijumaa, alijibu, "Tutaona."

Raha hiyo haikudumu. Siku zilizofuata kijiko kilianza tena kuzunguka mdomoni, na Alhamisi mama alisema, "Nitengenezee ile ya kijani, mwanangu. Nikiondoka kesho, niondoke nimeila."

Fundi alisimama mbele ya chupa ya nyonyo. Kumlisha mtu mafuta ya nywele kwa bahati mbaya ni ajali. Kumlisha mara ya pili ni kesi. Akatengeneza bila mafuta. Mama alikula, akatulia, akasubiri, kama mtu anayesikilizia hodi ya mgeni aliyeahidi kuja.

"Siyo hii," akasema. "Kuna kitu umepunguza."

Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia pale mezani.

"Mama, ile haikuwa chakula. Ilikuwa dawa ya nywele zangu." Akavua kitambaa cha kichwa, akaonyesha uwanja wote. "Nilitaka ukifika kwako useme mkwe wako ana nywele. Kwenye chakula nilishakata tamaa." Machozi yakamtoka, akajiona kituko, mtu mzima analia juu ya parachichi.

Mama alitazama kichwa, akatazama bakuli. "Ulitia nini?"

"Mafuta ya nyonyo, mama. Mengi."

Mama alicheka mpaka akashika meza. "Nyonyo! Bibi yangu alitunywesha hayo tukikosa choo!" Kisha akashusha sauti, ingawa walikuwa peke yao. "Chakula chako hakina kosa, mwanangu. Tangu nifike sikuwa nimepata choo, mpaka siku ile. Ningekwendaje? Pazia, na wateja wako wamekaa pale wanachagua rangi, na mume wako anapita anaimba. Nikajizuia mpaka tumbo likafunga kabisa, hata kumeza nikashindwa, isipokuwa ile laini ya kijani. Nilikuwa nakikimbia choo, sikuwa nakukimbia wewe. Na ningekuambiaje mambo hayo? Wewe ni mkwe wangu."

Fundi akakumbuka siku mama alipofika: alimpeleka moja kwa moja kwenye pazia lile, akamshika mkono, akamwambia, "Gusa bitana, mama." Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilipokataa, akaanza kucheka na yeye.

Mama akafungua kitambaa chake mwenyewe. Mvi zilikuwa chache, nyembamba, na mbele ngozi iling'aa.

"Na mimi nilipenda kubana," alisema. "Hiyo iliyobaki bakulini usiitupe. Tia nyonyo, unipake."

Fundi hakuwahi kugusa kichwa cha mama mkwe. Wala hakuwahi kufikiri kwamba kinagusika. Akaanza kisogoni, akagawa nywele mafungu madogo, akapaka kuanzia shina mpaka ncha, na mama akafumba macho.

"Inapakwa mara ngapi?"

Angeweza kusema mara moja yatosha.

"Kila wiki, mama. Baada ya miezi mitatu ndipo utaona tofauti."

Fundi akaogopa kwamba ameomba makubwa mno.

"Miezi mitatu na pazia?" mama alisema, macho bado kayafumba. "Thubutu. Mwambie mumeo alete mlango kesho."

"Ndiyo, mama," alisema fundi, akachukua fungu jingine la nywele, akaendelea kupaka.